Spika Nyuma ya Pazia: Masikio Yanapoachiwa Yaamue

Jumamosi mchana, duka la spika Kariakoo halihitaji bango. Besi inasikika tangu kona ya mtaa. Mteja akivuka tu mlangoni anakuta taa za rangi zikicheza juu ya koni, rimoti iko mkononi mwa muuzaji, na ubavuni mwa boksi kumeandikwa maelfu ya wati. "Hii ndiyo yenyewe, bosi. Sikia huo mzigo!" Luthuli Avenue, Nairobi, maneno hubadilika kidogo lakini biashara ni ile ile. Mteja anasikiliza dakika mbili, analipa, anabeba. Mwezi haujaisha, nyumbani watu wameanza kuomba sauti ipunguzwe. Maneno ya mwimbaji hayashikiki, besi inavuma kwa noti ile ile katika kila wimbo, na baada ya nusu saa kichwa kinagonga.

Wengi hufunga mjadala kwa kusema kwamba sauti nzuri ni mapenzi ya mtu: mmoja anataka besi, mwingine anataka twita. Kauli hiyo imezoeleka, lakini kwa sehemu kubwa si kweli. Utafiti wa zaidi ya nusu karne umeonyesha kwamba watu wakizuiwa kuziona spika, wakapewa nafasi ya kuzilinganisha kwa haki, wengi wao huchagua zile zile. Tena spika zinazochaguliwa zina tabia za kiufundi zinazofanana na zinazopimika. Habari hii inamhusu kila anayenunua, anayeuza na anayeunda spika katika nchi zetu, kwa kuwa inamrudishia msikilizaji wa kawaida mamlaka ambayo matangazo yalimpora.

Pazia la Ottawa

Mtu aliyefanya kazi kubwa katika jambo hili ni Floyd Toole, mhandisi wa Kanada aliyepata shahada yake ya uzamivu Imperial College, London. Mwaka 1965 alijiunga na Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, jijini Ottawa. Wakati ule ulimwengu wa spika ulikuwa umegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulishikilia vipimo, ingawa vipimo vya siku zile havikuweza kumwambia mtu ni spika ipi itapendwa. Upande wa pili ulisema sikio ndilo hakimu, lakini kila mwenye sikio alikuja na hukumu yake. Toole alifanya yote mawili kwa pamoja: kila spika aliipima kwa makini katika chumba kisicho na mwangwi, kisha akaipeleka kwa wasikilizaji wasiojua ni ipi.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Toole aliyawekea. Mbele ya spika kilitandazwa kitambaa kinachopitisha sauti na kuzuia macho. Sauti za spika zote zililinganishwa kwa ukubwa, maana ile iliyozidi wenzake hata kidogo huonekana bora hata kama si bora. Muziki ulikuwa ule ule, mpangilio ulibadilishwa bila mtu kujua, na mabadiliko kutoka spika moja hadi nyingine yalifanyika upesi, kwa sababu kumbukumbu ya sauti haidumu. Msikilizaji alipewa karatasi ya alama na akatakiwa aamue peke yake, bila kunong'ona na jirani.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1985 na 1986 katika jarida la Audio Engineering Society yalivunja imani nyingi. Wasikilizaji wenye usikivu mzuri walikubaliana kwa kiwango ambacho wachache walikitarajia. Waliotofautiana sana na wenzao, na hata kujipinga wenyewe siku nyingine, mara nyingi walikuwa watu ambao usikivu wao ulikuwa umepungua. Kwa hiyo kile kilichokuwa kikiitwa tofauti ya mapenzi, mara nyingi kilikuwa kelele ya jaribio bovu, au sikio lililochakaa.

Mwaka 1991 Toole alihamia kampuni ya Harman, California, wamiliki wa JBL na Infinity. Mtafiti mwenzake, Sean Olive, alimfuata mwaka 1993. Huko Northridge walijenga chumba chenye mtambo unaosogeza spika, ili kila moja ilie ikiwa pale pale iliposimama mwenzake, na kupishana kwake kuchukue sekunde chache tu.

Mwaka 1994 wawili hao walichapisha jaribio ambalo kila mnunuzi angepaswa kulijua. Wafanyakazi 40 wa kampuni yao walisikiliza spika nne mara mbili: mara moja bila kuziona, mara nyingine wakiziona. Mbili zilikuwa kubwa, za kifahari, zao wenyewe. Moja ilikuwa ya gharama kubwa, ya mshindani. Moja ilikuwa seti ndogo ya bei nafuu. Pazia lilipokuwepo, ile seti ndogo ilijitetea vizuri. Pazia lilipoondolewa, alama zake zilishuka, na zile kubwa za nyumbani zikapanda. Kubwa zaidi ni kwamba waliokuwa wakiziona spika hawakujali sana tena ziliposogezwa sehemu nyingine ya chumba, au muziki ulipobadilika, ilhali nyuma ya pazia mabadiliko hayo hayo waliyasikia waziwazi. Macho hayakuongeza upendeleo tu. Yalilipunguzia sikio umakini.

Je, labda ni wataalamu tu wanaokubaliana? Mwaka 2003 Olive alitoa jibu. Alikusanya watu 268: wasikilizaji waliofunzwa, wauzaji, waandishi wa majarida ya sauti, wanafunzi wa chuo. Waliofunzwa walikuwa wakali zaidi wa alama na hawakuyumba. Lakini mpangilio wa spika, kutoka bora hadi mbovu, ulikuwa ule ule kwa makundi yote. Mafunzo yaliongeza uhakika wa hukumu. Hayakubadilisha hukumu yenyewe.

Zilizoshinda zilifanana nini

Spika nyingi tunazonunua bado zinafuata kanuni iliyoelezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric. Koili ya waya iliyoshikizwa kwenye koni hukaa ndani ya mwanya wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, nayo koni husukuma hewa. Kanuni ni nyepesi, kazi ni nzito. Sauti husafiri takriban meta 343 kwa sekunde. Mlio wa hezi 20, mpaka wa chini wa usikivu wa binadamu, una wimbi la urefu wa meta 17, na ule wa hezi 20,000 una wimbi la sentimeta 1.7. Koni moja haiwezi kuyatendea haki mawimbi yote hayo. Ndiyo maana wufa hupewa sauti nzito, twita ikapewa nyembamba, na krosova ikawekwa kugawa kazi kati yao.

Sharti la kwanza la ushindi lilikuwa usawa. Ukimpima mshindi akiwa amekutazama, hakuna masafa yanayopigiwa debe wala yanayonyimwa. Sauti ya mwanamke, kinanda na ngoma hutoka kwa uwiano uliokuwemo kwenye rekodi. Adui mkubwa wa usawa huo ni mvumo wa ziada: ubao wa boksi unaotetemeka, au koni inayojikunja na kuendelea kulia baada ya noti kwisha. Mwaka 1988 Toole na Olive walionyesha kwamba mvumo mpana na wa chini husikika kwa urahisi kuliko ule mwembamba na mrefu, hata kama kwenye mchoro wa vipimo huo mwembamba ndio unaotisha. Sababu ni kwamba mvumo mpana huguswa na karibu kila noti. Ni kama wali ulioingiwa na moshi: huwezi kuondoa punje moja ukasema umemaliza.

Sharti la pili ndilo lililowashangaza wengi: spika nzuri lazima isikike vizuri hata upande ambao hakuna aliyekaa. Koni iliyo ndogo kuliko wimbi lake husambaza sauti kila upande. Wimbi likifupika hadi kukaribia upana wa koni, sauti huanza kuelekea mbele tu. Kwa wufa ya inchi 8, yaani kama sentimeta 20, hali hiyo huanza karibu na hezi 1,700. Sasa tuseme krosova inakabidhi kazi kwa twita ya inchi 1 kwenye hezi 2,500. Twita, kwa udogo wake, inasambaza upya kwa upana. Aliyekaa mbele kabisa hajui kilichotokea. Aliyekaa pembeni anasikia sauti ya mwimbaji ikikosa mwili, halafu herufi za "s" na "sh" zikichoma.

Na sisi sote, hata tuliokaa mbele, tunaisikia sauti ya pembeni, maana sebuleni sauti haiji kwa njia moja. Ile ya moja kwa moja hutangulia. Nyingine hugonga ukuta, sakafu na dari, zikafika milisekunde chache baadaye. Ubongo huziunganisha zote kuwa sauti moja, jambo lililochunguzwa kwa undani na Helmut Haas nchini Ujerumani miaka ya 1940. Sauti zinazorudi zikifanana kwa rangi na ile iliyotangulia, ubongo huzipokea kama upana na uhai. Zikitofautiana, msikilizaji huhisi kuna kitu hakikai sawa, ingawa hawezi kukitaja. Ndiyo sababu spika nyingi nzuri za leo zina bakuli lenye mkunjo laini kuzunguka twita. Mkunjo huo huibana twita kidogo pale inapopokea kazi, ili upana wake ulingane na wa wufa. Mnunuzi huuona kama urembo, kumbe ndiyo akili ya spika nzima.

Kutokana na matokeo hayo ulizaliwa utaratibu wa kuizungusha spika mlalo na wima na kuipima kila baada ya nyuzi 10, jumla vipimo 70. Mwaka 2013 utaratibu huo ukawa kiwango rasmi Marekani, ambacho leo hujulikana kwa jina la CTA-2034. Mapema zaidi, mwaka 2004, Olive alikuwa amechukua spika 70, akalinganisha vipimo vyake na alama za wasikilizaji, akatengeneza kanuni ya kihesabu ya kutabiri mapendeleo yao. Uwiano kati ya utabiri na hukumu za watu ulifika 0.86, pale ambapo 1 ingekuwa utabiri usiokosea kabisa. Hilo ni jambo kubwa. Maana yake mhandisi anaweza kuisoma michoro ya spika ambayo hajawahi kuisikia, na akakisia kwa uhakika mkubwa kama watu wataipenda.

Besi na chumba chake

Katika kanuni ya Olive, besi ilibeba karibu theluthi nzima ya uzito. Kwa hiyo wapenda besi hawakosei kuitaka. Wanakosea kukubali yoyote. Besi njema hushuka chini na hubadilika pamoja na noti za gitaa zito, ili msikilizaji aweze kuufuata mwendo wake. Besi mbovu hurudia mvumo mmoja hata wimbo ufanye nini.

Boksi lipo kwa sababu koni ikisukuma hewa mbele, huivuta nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana, na besi ndiyo hufa kwanza. Mwaka 1954 Edgar Villchur, Mmarekani, alitoa spika ya AR-1 iliyofungwa kabisa, hewa ya ndani ikafanya kazi ya springi, na boksi dogo likatoa besi ambayo zamani ilidai kabati. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alichapisha hesabu za maboksi yenye tundu, na miaka ya 1970 Richard Small akazipanua. Tangu hapo tundu la boksi si suala la kubahatisha. Kipenyo chake, urefu wa bomba lake na ujazo wa boksi hutokana na tabia tatu za wufa ambazo watengenezaji makini huziandika: masafa ya mvumo wake, jinsi mvumo huo unavyodhibitiwa, na ulaini wa mkao wake. Anayechukua wufa mpya akaitia kwenye boksi la zamani kwa kuwa tu tundu limeenea, anaitupa kazi yote ya Thiele na Small.

Kisha kuna chumba. Chini ya takriban hezi 200 hadi 300, kuta zina kauli kubwa kuliko spika. Sebule yenye urefu wa meta 4 hukuza mlio wa karibu hezi 43, kwa kuwa nusu ya wimbi hilo hutoshea kati ya kuta mbili. Aliyekaa ukutani ataipata besi hiyo kwa wingi. Aliyekaa katikati ataikosa karibu yote. Kabla ya kuilaumu sabufa, isogeze. Kuiweka pembeni kabisa mwa chumba huongeza kishindo, mara nyingi kwa gharama ya uwazi. Meta moja ya kusogeza hufanya kazi ambayo ikwalaiza haiwezi.

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa

Namba inayouza zaidi dukani ndiyo inayosema kidogo zaidi. Wati za PMPO zilizobandikwa kwenye maboksi mengi hazina kiwango cha kimataifa kinachozibana, na kila mtengenezaji hujipangia. Hata wati za kweli hazieleweki bila hesabu yake: kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu inahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa meta moja, inadai robo tu ya nguvu inayodaiwa na ile ya desibeli 84 ili zisikike sawa. Vivyo hivyo maandishi ya "hezi 20 hadi 20,000" hayana maana ikiwa hayasemi kwa tofauti ya desibeli ngapi, kwa sababu hata redio ndogo ya mfukoni inatoa hezi 20, ila kwa udogo usiosikika.

Mnunuzi afanye nini basi? Aende na nyimbo anazozijua kwa moyo, zenye sauti ya binadamu iliyo wazi na ala nyingi kwa pamoja. Katika majaribio ya Harman, "Fast Car" wa Tracy Chapman ulitumika sana. Kwetu taarabu ya kundi kubwa, yenye fidla, kanuni, kodiani, ngoma na mwimbaji mmoja, ni mtihani mkali kwa spika yoyote. Asikilize spika moja peke yake kabla ya mbili, kwani Toole aligundua kwamba kasoro husikika kwa urahisi zaidi spika inapolia peke yake, na stirio huzifunika. Aombe zile anazozilinganisha zilie kwa ukubwa mmoja. Asogee kushoto na kulia. Spika nzuri haibadiliki ghafla. Na afumbe macho.

Ushauri huu una uzito zaidi kwa kamati za misikiti, makanisa na kumbi za harusi, zinazotumia michango ya watu wengi. Katika ukumbi, mamia hukaa pembeni ya spika na wachache tu mbele yake. Mahubiri yasiyoeleweka safu za kando hayaponi kwa kuongeza sauti. Mara nyingi ni spika zisizosambaza kwa usawa, au zimewekwa vibaya, na sauti ikipandishwa huzidisha mwangwi ule ule unaoyala maneno.

Somo hili linazihusu studio pia. Toole alionya kuhusu mzunguko wa mkanganyiko: spika hupimwa kwa kutumia rekodi, na rekodi hutengenezwa kwa kusikiliza spika. Produza anayechanganya wimbo kwenye spika iliyokosa besi ataongeza besi hadi aridhike, na wimbo huo utabeba ugonjwa wa spika yake kila utakapopigwa. Muziki wetu unasafiri sasa hadi masikio ya mbali. Spika sahihi ya studio ni sehemu ya heshima ya kazi hiyo.

Haki ya fundi

Kanada ilipata zaidi ya makala za kisayansi. Maabara ile ya Ottawa ilikuwa ya umma, na watengenezaji wadogo wa Kanada waliitumia kupima kazi zao. Paul Barton, mwanzilishi wa PSB, ni mmoja wao. Kutoka hapo zilikua kampuni zilizouza spika nchi za nje kwa sifa ya sauti na bei ya wastani. Taasisi ya umma iliwapa mafundi kipimo, na kipimo kikawapa soko.

Sisi tunao mafundi. Wapo wanaounda maboksi ya kumbi na ya magari, wanaovika koni upya na kuzungusha koili kwa mkono, na wengi wamejifunza kwa sikio na kwa kurithishana. Wanachokosa ni chumba cha kupimia, hesabu za Thiele na Small katika lugha wanayoisoma, na mteja anayehukumu kwa kusikia. Taasisi za utafiti wa viwanda kama TIRDO nchini Tanzania na KIRDI nchini Kenya, pamoja na vyuo vyetu vya ufundi, zingeweza kuwafungulia mlango. Maikrofoni ya kupimia na programu ya kompyuta leo si vitu vya mataifa tajiri peke yake; kuna programu nzuri za kupima spika zinazopatikana bure. Wanafunzi wa uhandisi wangeweza pia kuyarudia majaribio ya pazia kwa masikio na muziki wa Afrika Mashariki, maana ya awali yalifanyika zaidi Amerika ya Kaskazini, na ni haki yetu kuwa na ushahidi wetu.

Hakuna nchi inayopungukiwa na masikio. Watu 268 wa Olive walionyesha kwamba muuzaji, mwanafunzi na mtaalamu huona ukweli ule ule wanapopewa mazingira ya haki. Siku kamati zetu, maduka yetu na vyuo vyetu vitakapokubali kuweka kitambaa mbele ya spika kabla ya kutoa uamuzi, boksi la fundi wa hapa litashindana na lililoletwa kwa meli kwa kigezo kimoja tu, namna linavyolia. Fundi akishindwa, atajua arekebishe nini. Akishinda, alipwe kama mshindi.